Kamba Mwekundu wa Silanga Yetu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kutoka Garissa hadi Hulugho hakuna mtu anayeijua bahari kunishinda mimi, Kerrow. Nimepigana na papa mara mbili. Wa pili nilimhurumia.

Leo hotelini nimekutana na daktari wa kamba, Kathure. Si daktari wa sindano. Anaandika habari za kamba adimu wa baharini: wanafananaje, wameonekana wapi. Anaenda Lamu, gari limemharibikia hapa. Anasema kamba mpya anaweza kupewa jina la aliyemgundua. Kamba Kerrow! Nikamwambia silanga yetu, bwawa la kijiji, imejaa hao. Akacheka. Kamba wa bahari kwenye maji ya mbuzi? Dunia ingetikisika.

Basi itikisike.

Jumanne, 7 Oktoba
Brayo, mpishi wa hoteli, amenipa kamba mmoja kutoka friji. Mwekundu, kama wale wa picha ya ukutani hotelini. Nimemtumbukiza silangani. Hakuogelea. Nadhani ni ugeni.

Jumatano, 8 Oktoba
Aibu! Kathure amemtoa kwa wavu mbele ya kijiji kizima. Akamnusa. Eti kamba mzima si mwekundu hivi, huyu amechemshwa, tena ana kitunguu saumu! Watoto wakavunjika mbavu. Chifu hakucheka. Nani anatupa vitu majini? Na kama ni sumu? Silanga imefungwa mpaka mtupaji ajitokeze, au maji yapimwe Nairobi. Nilimshauri awe mkali.

Dada yangu Hinda akanishika mkono. Walaal, ndugu yangu, mbuzi wangu wanywe wapi? Kiangazi hiki amebaki na mmoja tu wa maziwa, ndiye anayemlisha mtoto wake Naimo. Nikamwambia aende mtoni, si mbali.

Ni mbali.

Ijumaa, 10 Oktoba
Hinda amerudi bila mbuzi wa maziwa. Mbuzi alianguka njiani, hakuinuka. Naimo amelia mpaka sauti imekauka, amepewa chai ya rangi. Hinda akasema aliyetupa yule mdudu, Mungu amwone. Akanitazama. Niliitikia amin kwa sauti kuliko wote.

Nikaenda kwa chifu. Wallahi nilifika mlangoni. Akaniita mtaalamu wa bahari, akawaonyesha wageni wake kiti changu cha heshima. Ningesema nini? Niliuliza kama redio imetaja mvua.

Jumapili, 12 Oktoba
Gari limepona, Kathure ameondoka. Aliniuliza bahari ya Lamu hujaa saa ngapi. Nikasema saa nane kamili, kila siku. Akaniangalia kwa huruma, kama mgonjwa.

Silanga bado imefungwa. Hinda ananipita bila salamu. Lakini kosa nimeliona: lilikuwa la Brayo, kupika. Nimemwagiza kamba mbichi. Kuna silanga nyingine barabara ya Habaswein, na watafiti hawakosekani duniani.

Kwa kuwa hapa hasomi mtu, niandike jambo moja la kweli. Bahari sijawahi kuiona. Papa nilimwona kwenye kalenda ya duka.