Tandiko Jipya Lenye Sura ya Kale

Jumatatu, 7 Novemba 1932

Nimerejea kutoka kwa Kanali Havercroft nikiwa na matumaini makubwa na soksi zilizolowa. Kanali anatafuta msimamizi wa mashamba yake. Nafasi ni moja tu, nayo huambatana na nyumba ya mawe yenye bustani. Waombaji ni wawili tu: mimi, Lionel Thripp, mhitimu wa chuo kikuu, na Giles Ormerod, mtoto wa daktari wa mifugo, ambaye hajahitimu lolote isipokuwa kupiga mluzi.

Nilimsomea Kanali kurasa tatu za andiko langu kuhusu mifereji ya mashambani. Kanali alimtazama mbwa wake. Mbwa akapiga miayo. Hatimaye Kanali alitamka kwamba hajapata kumkabidhi mtu ardhi kabla ya kumwona juu ya farasi. Kwamba Jumamosi anaongoza msafara wa kuwinda mbweha. Na kwamba sote wawili twende, naye atatutazama.

Nimewahi kupanda farasi. Mara nne. Kwa hiyo ushindi wangu utatokana na maandalizi. Farasi nitamkodi katika hoteli ya Fahali Mwekundu, ng'ambo ya barabara kutoka ninapopanga: jike aitwaye Matilda, mpana kama meza ya harusi. Kilichobaki ni tandiko. Muungwana hutambulika kwa tandiko lake. Nataka lenye kustarehesha, lenye kudumu, na lenye kumfanya Kanali aulize jina la babu yangu.

Nimekwisha kujifunza desturi pia. Anayeondoka uwindaji ukiendelea humwambia Mkuu wa msafara "usiku mwema", hata kama jua ni la asubuhi. Sidhani Ormerod analijua hilo.

Jumanne, 8 Novemba

Karakana ya Mzee Tuckwell, fundi matandiko. Nilikaa juu ya farasi wake wa mbao kuanzia saa nne hadi saa saba. Tandiko la kwanza lilikuwa gumu kama benchi la kanisa. La pili lilikuwa laini mno. Mzee Tuckwell alieleza kwamba liliagizwa na shangazi yake mtu fulani, akafa kabla ya kulikalia. La tatu ndilo. Ngozi ya nguruwe, rangi ya siagi, mishono miwili miwili. Fundi aliapa kwamba litamzika mnunuzi na mwanawe.

Kisha akaniomba vipimo. Nilianza kumtajia vya kiuno changu.

"Vya farasi, bwana mdogo," akasema. "Tandiko ni la farasi kwanza. Wewe huko juu ni mgeni tu."

Alinisihi nimlete Matilda apimwe mgongo. Nilimfahamisha kwamba anayefanyiwa usaili si Matilda. Akauliza mara ya mwisho nilipanda farasi lini. Nilimjibu kwamba swali hilo halihusiani na ngozi.

Nikitoka, nikakutana na Ormerod akileta tandiko lake lirudiwe mshono. Lilikuwa la babu yake: jeusi kama birika, lina viraka vitatu, na upande mmoja limefungwa kwa kamba. Nilimhurumia kwa dhati. Lakini Mzee Tuckwell, ambaye kwangu hakuinuka, aliinuka, akalipokea kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Hapo nikaelewa. Katika wilaya hii tandiko jipya ni aibu. Humtangaza mtu kuwa amefika jana. Ninachohitaji ni tandiko jipya lenye sura ya kale. Nina siku nne za kulizeesha miaka thelathini.

Jumatano, 9 Novemba

Chai kali, birika mbili. Masizi ya jikoni. Tandiko sasa lina rangi ya farasi mgonjwa na bado linalia kama mlango wa ghala. Bi. Pegg, mwenye nyumba wangu, alishauri sabuni ya ngozi na uvumilivu. Sabuni ninayo.

Mchana alikuja Mzee Noakes, mtega fuko, kuwatega wanaoichimba bustani ya Bi. Pegg. Aliligonga tandiko kwa kidole, akatikisa kichwa. Alisema ngozi kama hii hulainishwa na kitu kimoja tu duniani, kisha akachungulia dirishani kabla ya kukitaja. Mafuta ya mbweha.

Lazima nieleze uzito wa jambo hili. Hapa watu husamehewa mengi. Bwana mmoja alitoroka na mke wa kasisi, akarudi baada ya miaka miwili, akapewa kiti chake kilekile kanisani. Lakini anayemuua mbweha kwa bunduki au mtego hasalimiwi tena mpaka kaburini. Mbweha ni wa mbwa wa Kanali peke yao.

Nilimuuliza Mzee Noakes huyo wake alikufaje.

"Uzee, mwanangu," akasema, akivua kofia. "Alifia mikononi mwangu."

Nimeridhika na maelezo hayo. Zaidi ya hayo, mafuta yakishakuwa kwenye kopo hayana jina.

Alhamisi, 10 Novemba

Mafanikio makubwa. Nilipaka nusu kopo, nikasugua kwa saa tatu. Tandiko limekuwa jeusi, laini, lenye mng'ao wa heshima. Yeyote angeapa kwamba limeshuhudia vita. Kuna harufu kidogo. Paka wa Bi. Pegg amehamia kwa jirani. Nimemwagia tandiko maji ya waridi, na sasa linanuka kama mbweha aendaye harusini.

Wakati wa chakula cha jioni Bi. Pegg aliniuliza kwa upole kama kuna kitu kimekufa chumbani mwangu.

"Kama kimekufa niambie tu, Bwana Thripp," akasema. "Sitakasirika. Nitafungua dirisha."

Nilimhakikishia kwamba kilichokufa ni mashaka yangu. Akafungua dirisha. Kopo lenye nusu iliyobaki nimelificha chini ya kitanda.

Jumamosi, 12 Novemba

Ninaandika nimesimama, daftari likiwa juu ya kabati. Sababu itaeleweka.

Saa tano kamili tulikusanyika mbele ya Fahali Mwekundu. Kanali alikuwa katika koti lake jekundu, na mbwa wake arobaini wameketi wakimzunguka kama wanafunzi. Tandiko lilikaa juu ya Matilda kama kofia ya mtoto juu ya kichwa cha askofu, lakini kwa mbali lilipendeza mno. Ormerod alisogea karibu.

"Tandiko zuri, Thripp. La nani hilo?"

"La babu yangu."

"Babu yupi?"

"Wa kwanza."

Alivuta pumzi, akakunja pua, kisha akainama kuniambia kwa sauti ya chini: "Sikiliza, ndugu yangu. Leo kaa mbali na mbwa. Nakuomba tu."

Hila hiyo niliing'amua mara moja. Alitaka niwe mbali na macho ya Kanali. Basi nikamwongoza Matilda moja kwa moja mpaka katikati ya mbwa.

Wa kwanza aliinua pua. Kisha wa pili. Kisha wote arobaini wakasimama, wakanitazama kama waumini wanavyomtazama mhubiri aliyesahau kuvaa suruali. Mmoja akaimba. Wengine wakaitikia. Na Matilda, ambaye kwa ushuhuda wa hoteli hajakimbia tangu alipokuwa mwanamwali, akakimbia.

Nataka iandikwe wazi kwamba kwa dakika kumi nilikuwa mbele ya wilaya nzima. Kwenye geti la kwanza nilimpita Kanali mwenyewe. Najua kumpita Mkuu ni mwiko. Lakini kiongozi halisi hujitokeza, haombi ruhusa. Nyuma yangu nilisikia pembe, nikasikia kelele, nikavua kofia kuwashukuru. Mtu akapaza sauti: "Simama, mwehu wewe!" Nikadhani anamwambia mbwa.

Kwenye shamba la tanipu tandiko lilianza kuhama. Lilianza kushoto. Halafu likaenda chini. Kuhusu starehe, naweza kuripoti kwamba tandiko lolote likiwa tumboni mwa farasi halistareheshi. Kuhusu kudumu, halikukatika hata uzi mmoja, ingawa nilitamani likatike. Matilda alizunguka shamba zima, akaelekea nyumbani, akaniangusha katika kabichi za Bi. Pegg.

Mbwa walipita juu ya kabichi. Wakapita juu yangu. Kisha wakainua pua zao zote pamoja kuelekea dirisha la chumba changu, ambalo Bi. Pegg alikuwa amelifungua tangu Alhamisi, wakaingia ndani mmoja baada ya mwingine. Nilisikia sauti ya Bi. Pegg. Nilisikia sauti ya vyombo. Baada ya kitambo mbwa jike mkongwe alitoka kwa mlango wa mbele, kama mgeni mwenye adabu, akiwa na kopo mdomoni.

Kanali alishuka. Akalichukua kopo. Akatia kidole, akanusa. Msafara wote ukanyoosha shingo, hata farasi.

"Huyu alikufaje?"

Nilisema uzee.

"Nimewafuata mbweha miaka arobaini, kijana. Sijamzika hata mmoja kwa uzee." Alifuta kidole chake kwenye kabichi. "Babu yangu aliwalinda. Baba yangu aliwalinda. Nawe umekuja kumkalia mmoja. Nani alikupa?"

Sikumtaja Mzee Noakes. Muungwana hamtaji mtu anayeweza kumhitaji tena.

Kanali akavua kofia.

"Usiku mwema, Bwana Thripp."

Nilitazama saa yangu. Saa tano na dakika arobaini asubuhi. Nami nilikuwa sijaaga. Ni nadra sana, nadhani, Mkuu kumtangulia mtu kwa adabu kiasi hicho.

Jumapili, 13 Novemba

Bi. Pegg amekihamishia kitanda changu kwenye banda la makaa. Anasema hanichukii, anachochukia ni hewa yangu.

Nililipeleka tandiko kwa Mzee Tuckwell, aliyekubali kunifungulia kwa sharti kwamba nisimame upepo unakokwenda. Aliukagua kila mshono.

"Tandiko zima kabisa," akasema. "Aliyepasuka ni wewe. Ningempima yule farasi, lisingezunguka. Ulichukua la farasi mwembamba ukamvisha pipa."

Kisha akanipa habari. Nafasi imekwenda kwa Ormerod. Nilidai sababu. Inaonekana kwamba pale kwenye geti la kwanza msafara wote ulipita ukinifuata, ukaliacha geti wazi, na ndani mlikuwa na kondoo mia mbili wa Kanali. Ormerod alishuka, akafunga. Akaenda la pili, akafunga. Hakuona lolote katika tukio zima. Kanali alimkuta ameketi juu ya geti la tatu akila mkate na jibini, akampa kazi palepale, akaomba kipande.

Kwa kufunga mageti. Mimi nina shahada.

Mzee Tuckwell aliuliza kama nimejifunza chochote. Nilimwambia nimejifunza mengi. Akasema nitaje moja. Nikamwambia bado yako kwenye rasimu.

Jumatano, 16 Novemba

Siku ya mageuzi.

Asubuhi Ormerod alikuja bandani. Alikaa juu ya makaa bila kulalamika. Alisema amesoma andiko langu la mifereji, lote, hata tanbihi. Kwamba bonde la chini la Kanali hujaa maji kila mwaka na mimi ndiye wa kwanza kueleza kwa nini. Kwamba anahitaji msaidizi wa kupima mifereji, kuanzia Jumatatu, na amekwisha kumwomba Kanali.

"Kanali alisema nini?"

"Alisema sawa, ila utembee kwa miguu."

Nilimshukuru kwa maneno yaliyopimwa vizuri, nikakataa. Alionekana kusikitika kweli. Akasema mlango u wazi mpaka Jumapili. Akaondoka, na geti la Bi. Pegg akalifunga nyuma yake. Anajionyesha mpaka kwa mtu mmoja.

Siwezi kuwa msaidizi wa mpinzani wangu, hasa sasa. Mzee Noakes ameniletea habari kwamba katika kaunti ya jirani Bwana Everard Blount naye anatafuta msimamizi wa mashamba. Bwana Blount hawindi mbweha. Huwinda fisi maji, yule mla samaki wa mitoni, na humfuata kwa miguu, na mbwa, ndani ya maji. Kwa miguu! Hakuna farasi. Hakuna tandiko. Udhaifu wangu pekee umefutwa kwa mkupuo mmoja. Nimekwisha kumwandikia.

Linalobaki ni buti. Kando ya mto muungwana hutambulika kwa buti zake, nazo zangu huvuja. Nilimuuliza Mzee Noakes ngozi ya buti huzuiaje maji kwa uhakika. Alichungulia mlangoni, akavua kofia, akanitajia mafuta ya fisi maji. Anaye mmoja aliyekufa kwa uzee.

Msimu huanza Aprili. Safari hii sitafanya mambo kwa pupa. Nimeagiza makopo mawili.