Diski Mpya na Sauti ya Sheikh Dawudi

Jumatatu, 1 Julai
Kwa jina la Mola aliyemfundisha mwanadamu asichokijua. Amani imshukie yeyote atakayelifungua daftari hili, hata kama hakuruhusiwa.

Kompyuta imejaa! Ndani yake mna darsa za miaka kumi na tisa za marehemu mwalimu wangu, Sheikh Dawudi, wala hazina nakala popote. Kamati ya msikiti wetu ilinikabidhi mimi amana hiyo. Ijumaa wajumbe watakuja kusikiliza. Haji Abudu, jirani yangu na mjumbe mwenzangu, amependekeza mashine ihamie kwake, eti uzee wangu upumzishwe. Ananizidi miaka miwili! Nimenunua diski ya pili mjini. Nitaifunga mwenyewe, kwa siri.

Jumanne, 2 Julai
Nimefungua ubavu wa mashine. Vumbi! Nilitia udhu kwanza, kwani sauti isomayo Kurani haiguswi na mkono usio twahara. Maji sikuyafuta. Mke wangu Husnah aliuliza kutoka mlangoni kama ninaosha maiti.

Diski mpya ikakaa mahali pake, skrubu nne. Lakini nyaya nilizoziona zilishikwa zote na diski ya zamani. Nikazichomoa, nikampa mgeni. Mgeni hutangulizwa, ndivyo tulivyolelewa. Nikawasha. Kioo cheusi, mstari mmoja wa maandishi, basi. Nikatazama vizuri: tone la maji juu ya diski ya zamani.

Inna lillahi! Nimemzamisha Sheikh.

Jumatano, 3 Julai
Diski ya zamani nimeizika ndani ya mchele ikauke. Haji Abudu akaja kutujulia hali, akaomba aonjeshwe darsa moja. Nilimwambia kwamba Sheikh amepumzika. Kweli tupu: alifariki miaka minane iliyopita.

Adhuhuri Husnah akaenda kupima mchele wa pilau. Yowe! Akauliza, Baba Nasif, tangu lini tunapika chuma? Nikakiri yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniamuru niende kwa Nasike, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Nikasema sitakwenda. Akasema basi atamwita Haji Abudu.

Alhamisi, 4 Julai
Nimekwenda. Boda boda, kompyuta mapajani, dua mdomoni.

Nasike, mama mwenye miwani na maneno machache, alichokonoa punje tatu za mchele kwenye diski akaziweka mezani mbele yangu. Akauliza, mzee wangu, nyingine umekula? Kisha akaeleza. Maji hayakuingia. Kila diski yataka nyaya zake mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa data, nami nilikuwa nimemnyang'anya mwenyeji. Nikamfafanulia adabu ya wageni. Akasema hata kwao Busia mgeni hutangulizwa, lakini mwenyeji naye hula!

Akaunga nyaya mpya kwenye diski mpya, za zamani akazirudisha kwa mwenyewe. Akawasha. Sheikh Dawudi akakohoa, kikohozi kilekile cha kabla ya bismillahi. Nililia mbele ya watu waliokuja kuchaji simu. Alhamdulillahi! Nasike akanakili darsa zote kwenye diski mpya. Sasa Sheikh yuko mara mbili.

Ijumaa, 5 Julai
Kamati nzima imesikiliza. Haji Abudu mwenyewe alifuta macho. Mashine inabaki kwangu. Walipouliza nani aliyefunga diski, nilisema kwa unyenyekevu kwamba skrubu zote nne ni za mkono wangu.

Imamu akalalamika kuwa amplifaya ya msikiti inakoroma, yafaa aitwe fundi. Kabla Haji Abudu hajafungua kinywa, nikauliza: fundi wa nini, nami nipo?

Amplifaya iko mezani pangu, kifuniko kimetoka. Ina nyaya kumi na moja. Mbili, kwa jicho la mzoefu, ni za ziada.

Ewe msomaji, Mola akuhifadhi wewe na watu wa nyumba yako, awape afya, riziki, na masikio yenye kuvumilia adhana ya alfajiri.