Yaya Niliyemtafuta Mwenyewe

Jumanne, 2 Septemba

Likizo ya uzazi imekwisha. Jumatatu Mounira anarudi kazini, uwanja wa ndege wa Luano. Mkuu wake amesema wazi: asipoonekana saa moja asubuhi, nafasi yake atapewa mwingine. Lazima apatikane mtu wa kumlea Amida, binti yetu wa miezi saba, mwenye sauti ya king'ora.

Mounira anataka mama yake aje kutoka Katuba. Mama mkwe! Ndani! Nitakaaje sebuleni na singlendi? Nitakula wapi, uani? Nikakataa. Jirani yetu Agnès, aliyelea watoto wa watu miaka ishirini, akajitolea kuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Nikakataa pia. Mwaka jana alinicheka mbele ya wateja wangu wa ushonaji niliposema jokofu. Hapa Lubumbashi kila mtu husema frigo. Niachieni mimi, nikasema. Nitatafuta mtu wa kulala humuhumu.

Jumatano, 3 Septemba

Tangazo limeingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, Hewa Bora. Kiswahili safi, kama cha marehemu babu, mzaliwa wa Kigoma: "Natafuta yaya wa kukaa nyumbani kwangu. Awe mtu mzima, mpole, mwenye subira. Atapewa chumba, chakula na heshima."

Mounira akasoma, akashika kichwa. Akanikumbusha kwamba hapa Lubumbashi yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na anayelea mtoto ni nounou. Nikamweleza kwamba waliosoma wanajua: kwa Kiswahili cha pwani yaya ni mlezi wa watoto. Akauliza hao waliosoma wanakaa nyumba namba ngapi. Wivu tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Saa mbili asubuhi, hodi. Mzee! Miaka sitini na kitu, kofia ya zamani ya reli kichwani, sanduku mkononi, mto wa kulalia kwapani. Anaitwa Casimir. Amestaafu reli, amefiwa na mke, hana ndugu mjini. Akanikumbatia palepale mlangoni.

"Mudogo yangu, niko hapa! Nilisoma message, nikalia. Leo bantu banakimbiaka bayaya yabo, weye unatafuta!"

Nikafungua mdomo nimweleze. Akaniambia nivute sanduku. Nikalivuta! Mimi, mwenye nyumba! Miguu ilitii yenyewe. Mounira alicheka hadi akaangukia beseni la nepi.

Mchana kakalia kiti changu. Kuku alipoiva, Mounira akampakulia firigisi. Firigisi yangu! Nikalalamika jikoni. Akasema kwani heshima iliyo kwenye tangazo niliiandika mimi au jirani?

Ijumaa, 5 Septemba

Mpango wa kumwondoa. Rahisi kabisa. Nimwachie Amida saa nzima, king'ora kifanye kazi yake. Nikamkabidhi mtoto, nikajificha nyuma ya nyumba.

Kimya. Nikachungulia dirishani. Lo! Amida kalala kifuani pake, na Casimir anamtajia polepole vituo vya treni: Likasi, Tenke, Bukama. Kufika Kamina mtoto alikuwa anakoroma. Mimi nina miezi saba sijamlaza hata mara moja. Iliniuma, naandika ukweli.

Jumapili, 7 Septemba

Nimebadili mkakati. Mzee anajua watoto, basi atumike! Baada ya chakula nikamwambia kwa adabu kwamba kuanzia kesho atamshika Amida, atamchemshia uji na kumfulia nepi.

Akaweka kijiko chini. Alishangaa zaidi yangu. "Mudogo, tangu lini yaya anatumikaka? Yaya anatumaka. Mudogo ndiye anatumikaka."

Akapanga kazi yeye mwenyewe. Mimi nifunge cherehani hadi saa nane, nifue, nichemshe uji. Yeye atasimamia, na kulaza mtoto. Mounira akakubali kabla sijameza mate. Mama mkwe akapiga simu kumpongeza yaya wangu. Wamezungumza dakika arobaini! Mimi hajaniulizia.

Jumatatu, 8 Septemba

Mounira ametoka saa kumi na mbili, amefika Luano mapema. Kazi imepona. Akiondoka alimshukuru yaya kwa mikono miwili. Mimi akaniambia nepi ziko kwenye beseni.

Nimefua kumi na moja. Agnès kanichungulia juu ya ukuta, akanisalimia "Bonjour, nounou." Nounou! Mimi! Casimir kaomba maji, halafu kandambili, halafu maji mengine. Amida kanililia, nikajaribu vituo vya treni, nikapotea baada ya Likasi. Yaya akaninyang'anya mtoto.

Nimetafakari kosa liko wapi. Si Kiswahili safi. Kosa ni neno lenyewe, lina maana mbili. Linahitajika neno lisilo na utata. Binamu yangu wa Dar ananiandikia kwamba kule msichana wa kazi za nyumbani wanamwita dada tu. Safi! Tangazo jipya: "Natafuta dada mpole wa kukaa nyumbani kwangu. Mke wangu hashindi nyumbani. Mimi nipo."

Nimetuma bila kumwonyesha Mounira. Nataka kumshangaza.

Majibu tisa, na uji haujachemka bado! Hata imamu wa msikiti wetu amepiga simu. Akauliza kwa upole kama Mounira ameridhia, na kama nitawatendea haki wote wawili. Nikamjibu ameridhia kabisa, tena yeye ndiye aliyenisukuma. Akasema atapita mwenyewe azungumze naye. Mtu mwema kweli, anajali hata malezi ya watoto. Nimemwomba aje saa kumi na mbili jioni, Mounira atakuwa amesharudi.