Ndege ya cc 150 Isidharauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilalamike, bila hasira, juu ya habari yenu ya wiki iliyopita. Mliandika kwamba ndege aliyojiundia Hanif, muuza spea wa Bariadi mjini, inaizidi "kwa kila kitu" ile niliyojiundia mimi, fundi wa kuchomelea wa hapa Ngulyati.

1. Injini. Yake ni ya gari, cc 1300. Yangu ni ya pikipiki, cc 150. Sikatai. Lakini ya kwake ilibebwa na wanaume wanne, wakapumzika njiani mara mbili. Ya kwangu mke wangu Kwandu huihamisha peke yake akitaka kufagia. Mwandishi wenu hilo hakuligusa.

2. Mwendo. Kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, Thomasi wa bodaboda alikimbia sambamba na kila ndege huku akisoma mshale wa mwendo wa pikipiki yake. Yangu ilipata 60, ya Hanif 92. Ila zamu ya Hanif, Thomasi alikuwa anafukuzwa na mbwa wawili. Mwendo ule ni wa mbwa, si wa injini.

3. Nguvu. Mmepima kwa farasi. Mimi nimezaliwa Simiyu na farasi sijamwona. Niliifunga ndege yangu kamba na maksai wa Mzee Sayi, tukavutana. Maksai mmoja nilimburuta. Wawili wakaniburuta mimi hadi kwenye pamba ya jirani. Kwa hiyo nguvu yangu inajulikana: maksai mmoja na nusu. Hanif alipoombwa apimwe naye, alijibu, "Kaka, mimi naunda ndege, silimi." Hilo si jibu la kitaalamu.

4. Wapo wanaouliza ni ipi iliyowahi kupaa. Hakuna. Kwandu naye ameuliza, tena mbele ya wageni. Kupaa ni suala jingine, lisichanganywe na ubora wa ndege.

Hivyo naomba mkanushe habari ile, na Serikali izuie injini zinazozidi cc 200 zisiende angani, ili tulingane.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata mwandishi huyo.

Ni mimi, msomaji wenu mwenye subira,
Kasmiri Maduhu,
Ngulyati.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, ndege ya Hanif imepita juu ya bati langu, ikazunguka, ikatua mnadani salama. Nimejikuta napiga makofi. Ina kiti cha pili, na Kwandu ameshakwenda kukikalia. Tafadhali msikanushe chochote. Na kama mnamjua mtu mwenye injini ya cc 1300 anayependa kubadilishana na ya pikipiki, nyepesi sana, mnijulishe.