Besi Inayokaa Jikoni

Jumatatu, 4 Agosti

Nthambi amenitukana mbele ya jumuiya nzima. Mchana kweupe! Na mdomo umejaa chai yangu!

Tulikuwa kwangu kwa mazoezi ya densi ya vipaji, ile sisi akina mama tunacheza tukipeleka vipaji altareni sikukuu ya Kupalizwa Maria. Sikukuu ni wiki ijayo. Mazoezi hufanyiwa kwangu tangu tulipoanza, na sheria yetu ni kwamba mwenye nyumba ndiye hushika kibuyu na kutangulia. Kwa hivyo mimi hutangulia. Kata yetu yote ya Kalama inaujua mgongo wangu.

Sasa Nthambi amenunuliwa wufa, ile spika ya besi. Inapiga besi hadi matumbo yanahama. Akasema spika zangu zinaimba kama mbuzi ndani ya debe. Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alicheka, na yeye hana meno ya kuchekea.

Spika zangu si za mchezo. Zilikuwa za Antony, kijana wangu wa Syokimau. Mbao tupu, ndefu kama kabati, na kila moja iko na mdomo mpana ndani kama tarumbeta. Zimetengenezwa juzi lakini kwa mtindo wa zamani. Mke wake alimwambia achague, zikae spika au akae yeye. Zikaja kwangu. Mwimbaji akifungua mdomo, unadhani ameketi kwa kiti chako na anangoja chakula.

Lakini mdundo hakuna. Kifua hakisikii kitu. Hiyo ni kweli, ila si Nthambi wa kuniambia.

Mwenyekiti ameamua: Jumamosi wote watasikiliza kwangu, kisha wavuke kwa Nthambi. Penye mdundo ndipo mazoezi yatakaa. Na kibuyu kitakaa hapo hapo.

Nilimpigia Antony. Akasema mama usiguse kitu, hizo zinahitaji wufa ya kulingana nazo, nitakuja nikipata ofu kazini. Ofu! Alisema hivyo hivyo paa lilipotoboka.

Dawa nimeipata mwenyewe. Kitu chepesi huongezwa uzito. Nikaziba midomo ya spika kwa mablanketi, nikafungulia redio. Kwaya iliimba kama watu waliozikwa na bado wana maoni.

Jumanne, 5 Agosti

Mjini Machakos, na beberu wangu mwekundu kwa kamba.

Mire hununua mbuzi. Mkewe Safiyo ana duka la redio na spika. Nikawaambia mambo ni rahisi: mume achukue mbuzi, mke anipe wufa. Wakaangaliana. Mire akamshika beberu mgongo, akakubali.

Safiyo akaanza maswali kama wa kliniki. Mama, spika zako ni za aina gani? Mama, chumba ni kikubwa namna gani? Nikamwambia nimekuja kununua, sikuja kulazwa. Nilipomweleza ile midomo ya tarumbeta akatikisa kichwa. Eti spika kama hizo hupiga kelele nyingi kwa stima kidogo, na wufa huachwa nyuma, kwa hivyo nizipunguze spika mpaka wufa izifikie.

Nizipunguze! Nani huenda sokoni kununua kelele halafu arudi nyumbani kupunguza?

Akaendelea. Eti nyuma kuna swichi, niijaribu huku na huku, na mtu awe ameketi pale wageni watakapokaa, aseme wapi pametamu. Maneno mengi. Mimi nilikuwa nainua maboksi. Nikachagua lililo zito kuliko yote. Mbuzi mzito ana nyama. Mire akasema, "Mama, wewe ungekuwa dalali." Najua.

Nimerudi kwa boda, wufa nimeifunga mgongoni kwa leso. Hapo njia panda wanawake waliuliza ni mjukuu gani huyo mnene. Nikawaambia watamsikia akilia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeiunganisha mwenyewe. Waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hata kipofu angeweza.

Ikanguruma, mmmm, kama katekista aliyesahau jina la mtoto. Nikazungusha vitufe vyote hadi mwisho. Kama hakikuwekwa ili kifike mwisho, mwisho uliwekwa wa nini?

Aiya! Mwimbaji anasema Haleluya, halafu wufa ndiyo inafika, duuu, kama Nthambi anavyofika kanisani Injili ikiwa imesomwa. Hawaendi pamoja. Nikiongeza spika, wufa inapotea kabisa. Nikiongeza wufa, kuku wanatoka mbio na mwimbaji hasikiki. Nimeiweka juu ya stuli. Nimeiweka juu ya gunia la mbaazi. Nimeilaza chali. Nimeizaba kofi. Nikaisomea tabia zake zote tangu mjini. Hakuna.

Sielewi. Vitu viwili vizima, kila kimoja kikiwa peke yake kinafanya kazi. Vikiwekwa pamoja vinaharibika. Ndiyo ndoa za siku hizi.

Nikampigia Syombua, binti yangu aliyeolewa Mwala. Mume wake Masila ndiye hutengeneza spika za makanisa yote ya huko. Lakini Masila ni mkwe wangu, na kuna nthoni. Sisi Wakamba, mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Ni heshima. Siku hizi naona wanakumbatiana kwenye picha za harusi. Si mimi! Tangu amwoe Syombua, mimi namjua Masila kwa kofia tu.

Syombua akasema mwaitu, yaani mama, hayo yaliisha zamani. Nikamwambia yaliisha kwake. Waje kesho.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamekuja. Niliona kofia ikipita langoni, nikaingia jikoni. Jikoni kwangu kumeshikana na sebule, ukuta ni mmoja. Masila sebuleni na wufa, mimi jikoni na sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, Syombua katikati akibeba maneno kama punda wa maji.

Masila akatuma neno: anaomba mwaitu aje aketi kwa kiti, pale wageni watakapokaa, asikilize akizungusha.

Nikatuma neno: amerogwa?

Akatuma neno: basi yeye atazungusha kidogo, atoke nje, mwaitu aingie asikilize, atoke, yeye aingie tena. Nikasema sisi si ndege wa saa ya ukutani. Akasema basi Syombua akae kwa kiti. Huyo! Syombua hana masikio. Alipokuwa mdogo nilimwita mpaka jua likazama. Wufa ni yangu, sikio ni langu, na sikio langu liko jikoni.

Kwa hivyo akaitengenezea jikoni. Nikaamuru isogezwe kona, pale kwenye ukuta wangu. Nikapiga kelele, bado! Syombua akaenda kusema bado. Bado! Geuza ile swichi ya nyuma! Punguza tarumbeta kidogo! (Hiyo ya kupunguza nimeifikiria mwenyewe.) Halafu ghafla, mwaitu wee! Ikashika. Vifuniko vya sufuria vikaanza kucheza. Masizi yakaanguka kutoka paani. Nilisikia besi ikipanda kwa miguu ikatokea kichwani. Na sauti ya kwaya ikiwa juu yake, pamoja, kama mtu na nguo yake. Nikapiga kelele, usiguse! Aondoke! Aondoke kabla hajagusa kitu kingine!

Masila akatuma neno la mwisho, na Syombua alilitoa akiwa amechoka. Eti besi ni kama maji ya mvua, haitulii kila mahali sawasawa, kuna palipo na shimo na palipo pakavu, kwa hivyo ya jikoni si ya sebuleni. Nikasema mwambie mimi nimechota maji kabla mama yake hajazaliwa.

Akaenda Mwala ameshiba. Kofia nzuri, hata hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Kuna jambo.

Syombua amebaki anisaidie kupika kesho. Asubuhi nikafungulia nikiwa sebuleni, nikaketi kwa kiti cha wageni, kifua mbele, kupokea mdundo. Hakuna. Mbuzi ndani ya debe! Nikaenda jikoni. Duu, duu, duu. Sufuria zinacheza. Nikarudi sebuleni. Kimya. Jikoni, duu. Sebuleni, kimya. Nikajaribu kuingia polepole. Nikajaribu kuingia kwa ghafla. Nikajaribu kuingia kinyumenyume, ili isijue ni mimi. Nikifika tu kwa kiti, inanyamaza.

Nimekaa kwa hatua ya mlango nikawaza mpaka chai ikapoa. Kisha nikaelewa.

Iko na nthoni.

Imeshikwa na mkwe wangu siku nzima. Imerekebishwa na mikono yake. Imechukua heshima zake. Mama mkwe akiingia, inainamisha kichwa. Akitoka, inaongea. Ni jambo la wazi kabisa, na nashangaa Safiyo hakulitaja kati ya yale maneno yake yote.

Syombua akasema si hivyo. Akasema mwaitu, ulitaka isikike jikoni, na inasikika jikoni. Nikiisogeza pale katikati ya spika, uketi hapa, nizungushe kitufe kimoja, tumalize. Nikamwambia asiguse. Kitu chenye adabu kimeingia nyumbani humu kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe, na yeye anataka kukiharibu.

Mpango wa kesho ni mwepesi. Wanawake watakaa sebuleni. Wao si mama mkwe wa Masila. Mimi nitakaa jikoni nisiiaibishe. Watapigwa na mdundo wakose pumzi.

Jumamosi, 9 Agosti

Walifika wote, Nthambi mbele na leso mpya. Niliwasalimia langoni, nikawaonyesha viti, nikaingia jikoni. Mwenyekiti akauliza mwenye nyumba anaenda wapi. Nikasema anzeni tu, mtajua wenyewe.

Syombua akafungulia.

Ngai wangu! Haijawahi kupiga hivyo. Vikombe vilitembea hadi ukingoni mwa meza, nikavidaka kimoja baada ya kingine. Masizi kwenye chai, nikayatoa kwa kijiko. Nikachukua mwiko nikaushika kama kibuyu, nikacheza densi yote ya vipaji peke yangu, kutoka kwa pipa la maji hadi meko na kurudi. Sijacheza hivyo tangu ujana. Na upande wa sebuleni, kimya. Nikajua wameshikwa.

Wimbo ulipoisha mwenyekiti akachungulia jikoni. Wimbo wa pili ulikuwa umeanza, na vifuniko vinaruka. Akaniuliza, "Mama Antony, unasagia mahindi humu?"

Nikamwuliza wameuonaje mdundo. Akauliza mdundo upi.

Wakaja wote mlangoni kuangalia sufuria zangu. Nthambi akaweka mkono kiunoni. Akasema kumbe nyumba hii waimbaji wanaishi sebuleni na ngoma inaishi jikoni, ni nani aliyewaachisha? Walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo. Nikawaeleza habari ya nthoni, kwa utaratibu, kama mtu anayeongea na watu wazima. Wakacheka zaidi. Nthambi akasema basi kama wufa ni mkwe, ningojee harusi yake na mahari.

Wakanywa chai yote, pamoja na masizi. Wakavuka kwa Nthambi. Syombua alienda nao na kurudi. Sikumwuliza. Akaniambia: mazoezi yamehamia huko, kuanzia kesho. Na kibuyu wamekichukua, kilikuwa kwa meza pale sebuleni.

Sikula.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nilienda kwa Nthambi. Kama nisingeenda angesema nimeogopa.

Sebule yake ndogo, wufa katikati ya ukuta wa mbele, inapiga mpaka mapazia yanapumua. Nthambi na kibuyu. Anakishika kama mtu anayembeba jogoo wa jirani. Mimi niliwekwa nyuma kabisa, kati ya yule aliyejiunga juzi na yule wa goti bovu. Ukiwa huko huoni mbele. Unaona vitambaa vya kichwa tu. Walipogeuka kushoto mimi niligeuka kulia. Mimi! Yule wa goti bovu akanishika mkono akanigeuza, polepole. Heri angecheka.

Nikaomba maji. Nikaelekezwa jikoni.

Na hapo ndipo Mungu alinionyesha.

Jikoni kwa Nthambi, kimya! Vikombe vimetulia. Maji kwenye sufuria hayatikisiki. Nikaweka sikio ukutani. Nikasubiri wimbo mzima. Besi hakuna hata tone. Wufa yake yote hiyo, kelele zote hizo, na haifiki hata jikoni kwake!

Nikarudi nikazima redio, nikawatangazia. Niliwaambia wanapigwa na wufa isiyoweza kuvuka ukuta mmoja, na yangu huvuka na kusaga mahindi. Nthambi alibaki mdomo wazi. Syombua alijifunika uso kwa leso. Maskini, alikuwa akimwonea Nthambi aibu.

Jioni Antony amepiga simu. Amepata ofu. Eti mama, iweke wufa sebuleni mbele, kati ya spika, keti kwa kiti usikilize, mtu azungushe kidogo kidogo, ni hayo tu. Nimemwambia amechelewa, mambo nimeshayamaliza.

Wufa haina kosa. Kosa ni la nyumba. Wanawake wanacheza mahali pasipofaa.

Kesho Masila anakuja na nyundo. Atang'oa meko, atasukuma ukuta wa nyuma, jikoni paenee watu wote na mwenye kibuyu mbele. Kazi nitamwelekeza mwenyewe, hatua kwa hatua, maana ni mimi najua tunavyogeuka. Yeye atakuwa jikoni. Mimi nitakuwa sebuleni, mlango umefungwa, na Syombua atabeba maneno.