Tope la Kuchekecha

Mume wa fundi cherehani ndiye mtu pekee aliyewahi kuonekana, tangu dunia iumbwe, akichekecha tope.

Wengine huchekecha unga. Wengine huchekecha mchanga wa kujengea. Yeye kila Jumamosi asubuhi alijifunga taulo kiunoni, akatoka nje ya geti na sepeto, akachota udongo mwekundu kando ya barabara, akauleta uani ndani ya beseni la kufulia. Hapo aliuchekecha kwa chekeche ya jikoni mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Kokoto haikuruhusiwa hata moja, maana kokoto hukwaruza rangi. Kisha maji ya uvuguvugu, kisha kukoroga polepole kama mtu anayepikia mgonjwa uji.

Uji ukiiva, alichovya ufagio mkuukuu, akarudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akarusha. Tope likatua juu ya tairi, likapanda ubavuni, likachirizika kwa madaha. Vioo hakuvigusa. Taa hakuzigusa. Alipomaliza, gari lake lilionekana limetoka kuvuka mito saba, kumbe halijatoka hata getini.

Gari hilo alilipa jina Kifaru. Na mwenyewe alijipa jina Komando, halafu akawa analalamika kwamba watu hawaachi kumwita hivyo.

Kifaru alikuwa fobaifo ya zamani, zile ambazo magurudumu yote manne huvuta. Umri wake ulizidi ndoa ya wenye nyumba, na matunzo yake pia. Juu alibeba ngazi, majerikeni ya chuma na sepeto nyingine, ya kijani. Ubavuni lilipanda bomba refu la kuvutia hewa, ili gari lipumue likizama mtoni. Mbele alivaa winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya ukikwama. Kazi ya Komando mwenyewe ilikuwa kugonga mihuri ofisini. Hatari kubwa aliyowahi kukutana nayo kazini ni wino kumwagikia shati.

Jioni alikaa ndani ya Kifaru palepale uani, kiwiko dirishani, redio chini chini, akisafiri bila kuondoka. Watoto wakitaka ruhusa ya jambo walikwenda kugonga kioo.

Fundi hakuwa na neno. Kila mtu na ugonjwa wake. Neno lilianza siku wanga wake ulipoanza kupungua, ule wa kukazia kola za mashati. Aliwashuku watoto, akawashuku panya, hadi Jumamosi moja alipomkuta mumewe amechuchumaa mbele ya beseni, kopo la wanga mkononi.

"Baba watoto, hilo kopo ni la kola."

"Kidogo tu, mama. Bila wanga tope halishiki. Likikauka linadondoka njiani, nafika chamani kwa wenzangu wa magari na gari safi kama la bibi harusi. Utapenda nidhalilike?"

"Nitapenda shule nzima itembee na kola zimelala kama masikio ya mbuzi?"

Alilichukua kopo, akalifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hata Komando hafiki bila ruhusa.

Na shule hiyo ndiyo iliyokuwa imemshika fundi roho. Ilikuwa shule ya mlimani, na mara ya kwanza kumpa kazi ya sare. Mwalimu mkuu, mama mkavu asiyepoteza neno, alimwambia, "Nguo zikifika kabla hatujafungua, kazi ni yako kila mwaka. Zikichelewa, narudi dukani nilikozoea." Kwa mtu aliyezeeka akikaza viuno vya suruali za watu wanaokonda na kunenepa watakavyo, hiyo ilikuwa riziki ya kulala nayo usingizi.

Sare zilikwisha. Mvua ikaanza. Mwenye pikapu aliyezoea kumbebea mizigo akapiga simu.

"Mama, barabara ya mlimani ikinyeshewa ni sabuni. Mimi nina watoto."

"Hata mimi ninao, na wanakula," akajibu fundi, lakini simu ilishakatwa. Na shule inafunguliwa Jumatatu.

Akamgeukia mumewe, aliyekuwa anajitazama kwenye kioo cha Kifaru, akamwomba apandishe magunia ya sare.

"Magunia?" Komando alishtuka kana kwamba kaambiwa abebe maiti. "Mama watoto, Kifaru ni gari la misafara. Kifaru si punda."

"Punda angeshafika."

Komando alivaa kizibao chake chenye mifuko mingi, akawasha gari, akaenda chamani.

Chama chenyewe kilikutana kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Wanaume wenye magari makuukuu kama Kifaru waliyapanga mstari, wakafungua boneti zote, wakasimama mbele yake na vikombe vya chai wakitazama injini kama watu waliokuja kumwona mzazi na mtoto. Hakuna aliyegusa kitu. Walisimuliana. Siku hiyo Komando alikuwa katikati ya mto.

"Maji yamefika kwenye usukani," alikuwa anasema. "Samaki wananichungulia dirishani, na mimi nawachungulia. Nikasema, Kifaru, leo ni mimi na wewe."

"Habari za safari, shemeji zangu."

Wote waligeuka. Fundi alikuwa amesimama nyuma yao, utepe wa vipimo shingoni, pini bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni.

"Nzuri, shemeji. Karibu," alisema Mwenyekiti, bwana mmoja mwenye kizibao chenye mifuko mingi kuliko vyote.

"Sikai. Nimekuja na tangazo. Kesho mume wangu anapandisha sare za watoto shule ya mlimani. Nikaona niwaambie wenzake mapema, asije akaondoka kimya kimya. Mnamjua hapendi sifa."

Kijiko kililia ndani ya kikombe cha mtu.

"Ile barabara ya mlimani?" Mwenyekiti aliuliza. "Na mvua hii?"

Hapo Komando angeweza kujiokoa. Angeweza kukohoa. Angeweza kusingizia breki. Lakini ulimi wake tangu utotoni ulizoea kutangulia mwili.

"Kwa Kifaru," alisema, "hiyo ni njia ya kwenda chooni."

"Basi nanyi wenzake hamtamwacha peke yake," alisema fundi kwa upole. "Au vipi, shemeji?"

Mmoja akakumbuka jino. Mwingine akakumbuka kwamba mkwewe anakuja, ingawa mkwe huyo aliishi naye nyumba moja. Mwenyekiti alisema gari lake liko kwenye mapumziko ya kiufundi, na gari lenyewe liko mgongoni kwake, linanguruma.

Jumapili palikucha pamenyesha. Komando alitandika nailoni juu ya viti, akatandika nyingine nyuma, kisha akamlazimisha mkewe kufunga kila gunia ndani ya nailoni yake.

"Nguo zangu hazilowi," alisema fundi.

"Si kwa ajili ya nguo. Ni kwa ajili ya viti."

Akatoka amevaa kofia pana, buti za kamba hadi gotini na filimbi shingoni. Filimbi ya nini, hakuna aliyejua. Majirani walijitokeza barazani. Mkunga wa nyumba ya pili naye alikuwa anatoa kigari chake kwenda zamu, katika zahanati ya huko huko mlimani. Kilikuwa cheupe, cha mviringo, na Komando alikiita Kidonge.

"Dada, leo usithubutu," alimwambia. "Utamezwa. Kaa nyuma yangu, ukikwama nitakuvuta."

"Asante, shemeji. Tangulia."

Kifaru alitoka getini kwa mngurumo uliowaamsha waliokuwa wamelala na waliokuwa wanajifanya wamelala. Njia ya mlimani iko kushoto. Lakini kulia, kando ya barabara, palikuwa na dimbwi pana, jekundu, limetulia, na mbele yake majirani wamesimama mstari kama wageni rasmi. Komando akakata kulia.

"Unakwenda wapi?" aliuliza fundi.

"Nawapa salamu. Nitapita katikati, maji yaruke pande zote mbili, halafu nageuza."

"Baba watoto, hilo dimbwi silipendi."

"Wewe penda vitufe." Akavuta gia ya kuamuru magurudumu yote manne, akatia filimbi mdomoni.

Sasa dimbwi hilo lingekuwa dimbwi kama madimbwi mengine, mambo yangeisha. Lakini hapo ndipo Komando alipokuwa akichota udongo wake kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa rangi yake ilimpendeza kuliko udongo mwingine. Shimo lilikua kama kitambi, mwenyewe akiwa wa mwisho kuliona. Mvua ikalijaza, ikalifunika vizuri. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba huingia akipiga filimbi.

Kifaru aliinama. Pua ikazama, makalio yakapanda juu, kama bata anayetafuta chakula chini ya maji. Filimbi ilikatika katikati ya mlio. Magurudumu manne yalizunguka kwa bidii kubwa, mawili majini na mawili hewani, na kila mzunguko ukarusha tope jekundu hadi kwenye baraza za wageni rasmi. Halafu injini ikazima. Mbele ni lile bomba refu tu lililobaki juu ya maji, likipumua kwa niaba ya wote.

Fundi alipanda juu ya viti, akatokea mlango wa nyuma. Magunia yalikuwa salama, makavu ndani ya nailoni zake. Ama kweli, si kila upumbavu ni hasara.

Mkunga alishashuka. "Shemeji, si una mashine ya kujivuta?"

Komando, maji kiunoni, alipapasa mbele ya gari. Winchi ikaja yote mkononi, nyepesi kama sufuria tupu.

"Mashine ya ndani iko wapi?"

"Ya ndani huuzwa peke yake."

"Na sepeto ile ya juu? Tuchimbe."

"Imechomelewa. Wezi, dada."

"Na hayo majerikeni yana nini?"

"Dada, tafadhali usiniulize kitu kingine."

Fundi alimtazama mumewe, akayatazama magunia, akakitazama Kidonge. Mkunga akafungua buti la kigari chake bila kuambiwa. Waliyashindilia magunia nyuma, wakayapanga kitini hadi paani, na lile la mwisho fundi akalipakata kama mjukuu.

"Na mimi?" aliuliza Komando.

"Wewe mlinde Kifaru. Asije akatoroka."

Barabara ya mlimani haikuwa mzaha. Ilikuwa sabuni kweli, kama alivyosema mwenye pikapu, na upande mmoja korongo limekaa linasubiri. Kidonge kilipanda kwa kunusa, kikitafuta mawe kama mtu anayevuka sebule gizani. Kwenye kona ya mwisho kikateleza, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma. Fundi aliona kazi ya miaka yake yote ikirudi nacho. Akatua gunia, akavua viatu, akaruka nje, akaweka bega.

Mkunga alitoa kichwa dirishani.

"Haya, sukuma, mama. Usikaze shingo. Pumua. Vizuri. Tena, moja ndefu, umekaribia kabisa."

Fundi hakujua anaambiwa yeye au gari. Walisukuma wote wawili, yeye na Kidonge, na mara kigari kikachomoka konani kama mtoto wa kwanza, kwa kelele nyingi na tope usoni kwa mama.

Mwalimu mkuu aliwapokea ofisini. Alifungua gunia moja, akatoa shati, akapiga kola kwa kidole. Kola haikutingishika.

"Imesimama kuliko walimu wangu," alisema. Akamtazama fundi, tope hadi kwenye nyusi, miguu mitupu. "Mwakani uje upime mapema. Mvua usizingoje."

Waliporudi, Kifaru alikuwa ametolewa. Lilipita trekta la kuzoa takataka, likamvuta mara moja, dereva wake hata hakushuka kitini, akaendelea na mapipa yake. Komando alikuwa amekaa kizingitini, kofia imelegea. Lakini macho yalikuwa yanang'aa.

"Mama watoto," alinong'ona, "liangalie."

Kifaru alikuwa amejaa tope kuanzia pua hadi vioo. Tope la kweli. Tope alilolipata mwenyewe.

Wiki nzima hakuruhusu tone la maji. Watoto walikatazwa kuegemea. Paka alifukuzwa. Jumamosi ilipofika, beseni lilikaa kavu, chekeche ikarudi jikoni, na Komando akaelekea chamani kifua mbele, fundi pembeni yake kwa kuwa duka la nyuzi liko njia hiyo hiyo.

Wenzake walishusha vikombe walipomwona. Mwenyekiti alimzunguka Kifaru taratibu, mikono nyuma. Akainama penye gurudumu, akagusa kwa kidole. Bonge likabanduka, likaanguka, likafanya pu. Akamshika Komando kiwiko, akamvuta pembeni, na pembeni penyewe ni chini ya dirisha la fundi.

"Ndugu yangu, nakwambia kama mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Leo umeharibu. Tope hili halijachekechwa, kokoto zitakumalizia rangi. Na halishiki kabisa. Hukutia wanga?"

Komando alifungua kinywa. Hadithi ya kweli, ya kwanza maishani mwake, ilikuwa imefika kwenye meno. Lakini hadithi hiyo ilianzia getini kwake na kuishia nyuma ya trekta la takataka, na shahidi wake alikuwa ameketi hapo juu dirishani, pini kifuani.

"Wanga uliisha," alisema. "Mke wangu aliumalizia kwenye kola."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole. Wangu mimi kanificha chekeche."