Kinyozi Mkuu na Kibofu Chake

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi mtaa huu mzima ungekuwa unakanyaga ndevu. Miaka ishirini na sita nanyoa. Wapo wakubwa wasiotoka hadharani kabla ya kupita kwenye kiti changu. Siwataji. Adui yangu mmoja tu: kibofu. Miezi minane kinawaka kama kimemezeshwa kaa la moto. Leo nimemwacha mwalimu mkuu na povu shavuni mara tatu, nikikimbilia msalani. Mara ya tatu narudi, kiti kitupu! Yuko ng'ambo ya barabara kwa Marashi, kinyozi wa juzi juzi, anamaliziwa shavu la pili. Mpwa wangu kasikia. Anaolewa Jumamosi, nimemlea mimi, na bwana harusi nimnyoe mimi. Kaniambia kwa upole, mjomba, kama hutaweza sema mapema, Marashi yupo. Marashi! Afadhali aolewe na kichaka.

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Muuguzi kasema vipimo safi, hakuna vijidudu, ndiyo maana vidonge nilivyojinunulia havikufua dafu. Ni maumivu sugu ya kibofu, hayafukuzwi, yanafugwa. Niache kahawa, soda, ndimu na pilipili. Maji ninywe kidogo kidogo. Haja ikibana nisitimue mbio, nisubiri dakika chache. Kanipa karatasi: niandike kila ninachokunywa, kila safari ya msalani, na maumivu, sifuri hadi kumi. Nikamsimulia nilivyowahi kukaa juu ya mnara siku mbili bila kushuka kujisaidia. Akauliza nilikuwa nafanya nini huko. Watu wengine hawajui kusikiliza.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu yangu mwenyewe: nisinywe maji kabisa, kibofu kitatoa nini? Hadi adhuhuri sijagusa tone. (Kahawa haihesabiwi, ni ya kufungulia macho.) Saa nane nimejikunja kwenye kiti changu mwenyewe, wateja wananipepea. Mke wangu akaja na chupa ya mpira yenye maji ya moto, akaniwekea chini ya kitovu. Kasema mkojo mzito ndio unaochoma, mtu mzima ovyo! Mungu ampe maisha marefu. Hilo la ovyo nimemsamehe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaza karatasi ya muuguzi. Safari: mbili. Kahawa: hapana. Maumivu: sifuri. Mke wangu kaisoma, kauliza huyu mwanamume mzima hivi anaishi wapi, akaolewe naye. Kumbe leo kashinda nami kazini akihesabu mlio wa mlango wa msalani! Kaandika yake nyuma ya karatasi: safari kumi na tisa, kahawa vikombe vitatu, na kila baada ya kikombe, muda si muda, nimeshika tumbo. Kahawa basi! Kiume!

Ijumaa, 7 Machi
Maji kidogo kidogo. Chupa ya moto chini ya aproni. Haja ikibana, nahesabu kwanza vigae vya ukutani. Safari tisa tu! Maumivu: tatu. Nimembusu mke wangu mkono. Akauliza nimevunja nini.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana harusi kitini, mpwa mlangoni, mtaa mzima dirishani. Shavu la kwanza, laini kama yai. La pili... kikabana! Nikahesabu vigae, vikaisha. Mpwa akaninong'oneza, mjomba nenda, tunakusubiri. Nikaenda kwa mwendo wa kifalme. Narudi, namkuta nani nyuma ya kiti changu? Marashi! Kumbe kamfunika bwana harusi taulo la moto ili povu lisikauke, hata unywele hajagusa. Kasema, kaka, dada yangu anaumwa hivyo hivyo, maliza kazi yako. Nikamaliza. Mpwa akanikumbatia, povu likamganda gaunini, wala hakujali. Watu hawa nitawashukuru kwa mdomo gani? Wageni nimewaambia taulo la moto katikati ya kunyoa ni mtindo wangu, nimeugundua mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Maumivu: mbili tu. Nimejitibu kwa akili yangu. Hata muuguzi nitampa somo. Marashi nimemruhusu kuutumia mtindo wangu. Nimekaa barazani, chupa ya moto tumboni. Mke wangu kapita, kanipapasa bega, kasema anashukuru nimekuwa msikivu. Machozi yakanilenga. Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike ukweli: ndani ya chupa si maji. Ni kahawa. Ina ladha ya mpira, na imebaki nusu.